Fomu za shule zisitulazimishe kutaja dini na kabila

Mhariri,

Nilipompeleka binti yangu kujiunga na Gredi ya 10, fomu ya usajili ilidai dini na kabila lake. Mume wangu ni Mwislamu; mimi nililelewa Mkatoliki na siku hizi sifuati dini yoyote. Tulikubaliana zamani kwamba mtoto ataamua mwenyewe akikomaa, kwa hivyo nikapiga mstari katika nafasi zote mbili. Karani akakataa: "Mama, fomu haipokelewi hivi." Akatazama jina la msichana, akamwandikia "Mwislamu", kisha kabila la babake.

Limeniuma sana. Binti yangu alisimama pale akimtazama mtu asiyemjua akimchagulia imani.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, na cha 31 kinatukinga tusidaiwe bila sababu habari za familia na faragha zetu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inahesabu imani na asili ya kikabila kuwa taarifa nyeti. Hata sensa ya 2019 iliwapa wasio na dini mahali pao, wakapatikana watu 755,750. Shule inashindwaje?

Kuhusu kabila, najua kuna hoja. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kuajiri zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja, na hilo halijulikani bila kuuliza. Basi waajiriwa waulizwe, waelezwe na sababu. Lakini mwanafunzi anayetafuta dawati na kitanda bwenini? Na kama shule inataka kujua nani atafunga Ramadhani, iulize hivyo hivyo. Nitajibu kwa moyo mkunjufu.

Huko India, ambako tabaka la kuzaliwa humwandama mtu maisha yake yote, wakili mmoja wa Tirupattur alipewa cheti rasmi mwaka 2019 kwamba hana dini wala tabaka. Mimi siombi cheti. Naiomba Wizara ya Elimu iagize fomu ziwe na kisanduku cha "Sina" na kingine cha "Sitaki kusema", na mzazi akivitia alama asirudishwe. Mwalimu mkuu nimeshamwandikia afute maneno yale mawili katika rekodi za binti yangu, kwa kuwa sheria hiyo ya data inaturuhusu kudai marekebisho.

Mzazi,
Nakuru