Harambee ya darasa la Jumamosi: maikroskopu, mabenchi na nauli ya ticha

Wapendwa wa kanisa letu hapa Kangemi, na majirani wote ambao watoto wenu huja Jumamosi hata kama nyinyi mnasali kwingine, hamjambo. Najua harambee ikitajwa watu wanaanza kuangalia viatu, mwaka huu tumechanga mazishi, tumechanga paa, tumechanga bili za hospitali, enyewe mmejitolea. Lakini nisomeni kwanza.

Mnamjua yule binti yetu aliyekulia hapa sande skul, saa hii yuko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Chiromo, anasomea kemia. Jumamosi akiwa hana mtihani anapanda mat pale Westlands anakuja kufundisha watoto wa Gredi 7 mpaka 9 sayansi kwa ukumbi wetu, bure kabisa, nauli anatoa mfukoni mwake, ndimu na kabeji ananunua mwenyewe sokoni, na pesa za loan zikichelewa hatuambii, tunajua tu tukiona amefika na viatu vimejaa vumbi, ametembea Waiyaki Way yote.

Kuna mzazi aliuliza kama hii ni tuisheni. Hapana. Tuisheni ya likizo ilikatazwa na sheria ya elimu ya 2013, na huyu hata hana haja ya kukaririsha mtu noti. Yeye anachemsha kabeji ya zambarau, yale maji anagawa kwa vikombe, mtoto mmoja anakamulia ndimu yanageuka pinki, mwingine anatia magadi, haya haya tunawekea githeri, yanakuwa kijani. Mimi nilikuwa nimeingia kuchukua viti nikasahau viti. Na hawaambii ni kwa nini, anawauliza nyinyi mnaonaje, basi wanaanza kubishana, ndiyo hiyo kelele mnasikia mpaka barabarani, mtuvumilie.

Tarehe 21 mwezi wa tatu, jua likiwa karibu juu ya ikweta, walisimamisha mti wa mopu wa mita moja kwa kiwanja wakawa wanachora mstari pale kivuli kinafika. Wote walisema kitaisha saa sita kamili. Wapi! Kilikuwa kifupi kabisa saa sita na dakika arobaini hivi, na hata hapo hakikuisha, kilibaki kama sentimita tatu kikielekea kusini, maana Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta. Na nyingi ya hizo dakika arobaini zinatoka wapi? Saa ya Kenya inafuata longitudo, yaani ile mistari ya ramani ya kaskazini hadi kusini, ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti hata Kenya, iko huko Somalia, na sisi tuko magharibi yake, kwa hivyo jua linatufikia likiwa limechelewa. Nimeishi hapa miaka yote hii na nilikuwa sijui.

Sasa, watoto hawa wakimaliza Gredi 9 wanafanya KJSEA, ule mtihani wa kumaliza junior, halafu wanaenda senior school kwa njia moja kati ya tatu, STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Lakini tangu 2023 junior secondary, yaani Gredi 7 mpaka 9, iko ndani ya shule za primary, na primary nyingi hazikujengwa na maabara. Mtoto anaambiwa achague sayansi na hajawahi kuweka jicho kwa maikroskopu hata siku moja, sasa hapo anachagua nini?

Tunatafuta Sh 120,000. Maikroskopu mbili ndizo zinakula nusu, tuliulizia town tukaambiwa 30,000 moja, na tunataka zile za kioo cha kunasa mwanga wa jua kwa sababu stima yetu mnaijua. Mabenchi kwa fundi ni 32,000, meko ya gesi 6,000 tuachane na jiko la makaa ndani ya ukumbi, na 22,000 inabaki ya nauli na vitu vidogo vidogo mpaka mwezi wa kumi na moja. Mshahara alikataa, tulipomtajia akacheka. Nauli tumemlazimisha, hiyo haina mjadala.

Mgeni rasmi hakuna. Wengine walisema tuite mheshimiwa, kamati ikaona atahutubia masaa mawili, atoe ahadi, halafu tukimbizane na hiyo ahadi mwaka mzima. Afadhali soo soo zetu, mia mia za kila mtu. Na kama wewe ni fundi wa mbao na uko tayari kutuchongea benchi moja bure, hiyo ni pesa pia, ongea na mweka hazina.

Ni Jumapili ya mwisho wa mwezi huu baada ya ibada ya pili, na watoto wenyewe watawaonyesha ile ya kabeji. Namba ya M-Pesa ni ya kanisa, imebandikwa kwa notisi bodi, ukitumiwa namba ingine yoyote kwa WhatsApp hata kama imetoka kwangu usitume kitu. Hesabu na risiti zitabandikwa hapo hapo wiki inayofuata, kila mtu asome. Na wale wamesema wataleta kabeji, asanteni sana, lakini ile ya kijani haifanyi, leteni ya zambarau.