Mdogo wangu, kabla hatujapanda basi la Moshi Desemba hii

Mdogo wangu, nimeamua nikuandikie hapa hadharani maana najua hauko peke yako, kuna wengi wametoka soba hausi, zile nyumba za kuachia ulevi, mwaka huu na sasa Desemba inawasogelea roho ziko juu juu. Juzi kwenye simu umeniambia "bro mi niko poa, mwezi wa tano huu sijagusa", nimefurahi mpaka nikakaa chini. Ila hiyo "niko poa" naijua, na mi 2018 nilikuwa naisema hivyohivyo huku jasho linanitoka.

Unakumbuka viroba, zile pombe kali za pakiti, tulivyokuwa tunatembea navyo mfukoni kama pipi, serikali ikavipiga marufuku Machi 2017 tukasema basi sasa tunaacha, kumbe tumehamia kwenye chupa tu. Kuapa nimeapa mara ngapi mbele ya mama? Kilichonisaidia ni kuijua saa yangu. Yangu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, nimetoka kazini, nina njaa, kichwa kimechoka, hela ipo, halafu kituo ninachoshukia daladala kinatazamana na ile baa ya nyama choma. Nikaanza kushuka kituo kimoja kabla nazungukia njia ya nyuma kwa mguu, na kazini sitoki mpaka nimekula, hata chapati mbili na maharage, maana ukiwa na njaa mwili unakudanganya unataka pombe kumbe unataka chakula. Usiidharau hiyo chapati. Wiki ya kwanza nilikuwa siwezi hata kumenya chungwa, kisu kinacheza mkononi watoto wananiangalia. Mwezi wa pili nikamenya moja ganda likatoka zima, refu, nikalining'iniza pale dirishani mpaka likakauka.

Hela nayo, mshahara ukiingia namtumia shemeji yako wote kwenye simu, mi nabaki na nauli na ya kula. Wapo wanaosema nimekaliwa, waseme. Usingizi utakusumbua miezi kadhaa, ni kawaida, we panda kitandani saa ileile kila siku na kahawa ya jioni achana nayo.

Halafu simu. Kuna Mmarekani anaitwa Bill Wilson, Mei 1935 alikuwa Akron, Ohio, dili lake la biashara limebuma, yuko hotelini peke yake anasikia kelele za baa pale pale, na yeye alikuwa na miezi kama mitano tu bila pombe, kama wewe. Akaenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa anatafuta mlevi mwenzake wa kuongea naye, akaunganishwa na daktari mmoja, Bob Smith, na hapo ndipo AA ilipoanzia, vile vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Alipiga KABLA hajanywa, mdogo wangu. We huwa unanipigia asubuhi yake unalia. Nipigie kabla, hata saa nane usiku, hata kama huna cha kusema.

Sasa nyumbani. Unajua mbege ya Krismasi, kata inazunguka, wazee wameketi, ukiikataa unaonekana umewadharau. Nimeshaongea na baba mdogo na shangazi, wanajua, hakuna atakayekukabidhi kata. We kaa na mimi kwenye mbuzi, tuchinje, tuchune, tuchome, na kikombe chako cha maziwa mgando kisikutoke mkononi maana mtu mwenye kikombe kimejaa hamiminiwi. Usionje hata kidogo eti ni ndizi na ulezi tu. Jioni wakianza kuimba tunaondoka, tunashuka zetu mtoni, hatuagi mtu.

Na ikitokea umeteleza, niambie usiku uleule, sitakugombeza, naapa. Ila kama umekunywa siku nyingi mfululizo usijifungie chumbani ukaacha ghafla peke yako, twende hospitali, degedege linaweza kukupiga ndani ya siku mbili tu na linaua, mi nimeliona kwa jirani yetu sitaki kuliona kwako.

Tiketi nimeshakata mbili, tarehe 21, basi la alfajiri, siti za pamoja, we utakaa dirishani. Likisimama Korogwe watu wale tunashuka wote na tunarudi wote.