Jmosi ya vioo vya rangi, someni kabla hamjaja

Wapendwa mambo, darasa letu la vioo vya rangi jmosi ni saa nne kamili sio saa nne ya kibongo 😅 miwani ya kukinga macho ni lazima na ukija na ndala nakurudisha mlangoni. Sasa wale wa mara ya kwanza, kioo hakikatwi kama karatasi, unachora mstari mmoja tu na kikatio toka ukingo hadi ukingo, gurudumu lake ulipake mafuta kidogo, ukisikia kasauti kama kitambaa kinachanika ujue umepatia alafu unavunja kwa mkono, na usirudie mstari juu ya mstari maana kioo kitapasuka kinavyotaka chenyewe. Kingo tunasugua, tunazungushia tepe ya kopa (shaba), tunapaka flaksi, ile dawa ya kusafisha kopa ili waya ulioyeyuka ushike, ndo tunalehemu, bila flaksi haishiki kabisa. Ndo njia ya zile taa za vioo vya rangi za Tiffany za Marekani.

Waya wetu wa kulehemu ni 60/40, yani asilimia 60 bati na 40 madini ya risasi, na risasi ni sumu, kwahiyo madirisha wazi, hakuna kula mezani, mikono sabuni kabla hujashika mtoto. Wajawazito mtachora mchoro tu.

Michoro iwe mistari iliyonyooka, vipande 6 au 8, msiniletee waridi siku ya kwanza jamani 🙏