Mama, mimi natia mafuta

Norfolk, Virginia
Agosti 2024

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Naubusu mkono wako. Mwanaisha, msomee Mama polepole, usiruke mahali, na Ami akiwapo hapo barazani asikie na yeye. Sina neno la kumficha.

Mama, barua hii nimekaa nayo wiki tatu. Mambo mengine ningeyasema kwa simu yakatosha, lakini hili siliwezi kwa simu, sauti itanikatika. Mwanaisha ameniambia kwamba tangu Ramadhani hujagusa hata shilingi moja katika nilizokutumia. Elfu arubaini za kila mwezi zimelala tu kwenye simu, na wewe wanunua unga kwa pesa ya mahamri. Eti wangoja mpaka ujue. Ujue nini, Mama? Si ungeniuliza mimi? Badala yake maneno yamenifikia kutoka kwa Ami, aliyesimama baada ya hitma ya Baba, watu hata sahani hawajaweka chini, akasema mtoto wa marehemu yuko Bahari ya Sham awapiga makombora watu wa Nyanya, Wayemeni.

Hitma ya baba yangu. Niliyoichangia mbuzi wawili na mchele.

Basi nikueleze kazi yangu, maana naona hapo nyumbani kila mtu ana yake. Mwanaisha huwaambia mashoga zake mimi ni rubani. Ami asema mimi ndiye nirushaye makombora. Mama, mimi natia ndege mafuta. Juu ya sitaha ya Eisenhower, meli yetu ya kivita ya Marekani ibebayo ndege, kila mtu hujulikana kwa rangi ya fulana. Wa manjano ndio waongozao ndege zikitembea, wa kijani wanashika manati na waya, wa buluu wanazifunga minyororo, wekundu wana silaha na moto. Sisi wa mafuta ni zambarau, na huku huitwa zabibu. Ndege moja ya kivita yanywa kama lita 8,000, mafuta ya kujaza matatu zaidi ya mia, na mara nyingi huyatia injini ikiwa inanguruma, upepo wataka kukuondoa miguu, wala husikii hata ukiitwa jina lako. Twazungumza kwa mikono tu.

Kabla mafuta hayajaingia kwenye ndege huyakinga kidogo ndani ya chupa ya kioo nikayainua mwangani. Yatakiwa yawe safi, yang'ae, bila tone la maji wala chembe ya takataka, kwa sababu maji kidogo tu yaweza kumzimia mtu injini angani. Kila nikiiinua ile chupa namuona Baba chini kwenye injini ya feri, akisugua dizeli kwa vidole viwili na kuinusa. Unakumbuka ulivyokuwa ukimwambia avue nguo nje kwa harufu? Mimi nami sasa sabuni hainitoi harufu. Mtoto wa baba yake.

Na meli yenyewe, Mama, laiti ungeiona. Urefu wake mita 333. Ile Jasiri, manowari ya Kenya tuliyokuwa tukiitazama Mtongwe tukivuka na feri, ina mita 85, na siku ile ya kwanza Baba aliisifu mpaka tukafika Likoni. Sasa zipange Jasiri nne moja nyuma ya nyingine, ndiyo hiyo. Watu wake wafika elfu tano, wa ndege wakiwamo. Ilianza kazi 1977, wewe ungali wasoma chuoni. Yaendeshwa na vinu viwili vya nyuklia, kwa hiyo meli haitaki mafuta miaka zaidi ya ishirini. Haya yetu, lita zaidi ya milioni 11 ikijaa, ni ya ndege tu. Yakipungua, meli ya mafuta huja ubavuni, zote mbili zinakwenda, hazisimami, katikati ni kama mita 50 za maji yanayochemka, na mipira minene yavutwa kwa kamba za chuma kutoka kwao hadi kwetu. Zakwenda hivyo saa nzima na zaidi, usukani ukikosewa kidogo zimegongana. Mara ya kwanza nilisoma Ayatul Kursi. Sasa mimi ndiye nawafundisha wanaoingia, na mwezi wa pili nimepandishwa cheo. Uraia pia nimepata. Picha ya kiapo Mwanaisha anayo, akuonyeshe tena.

Ndege hurushwa kwa manati. Sina neno jingine, na ni manati kweli, ya mvuke: njia haifiki hata mita mia, na kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, mzigo wa tani zaidi ya ishirini uko angani. Ikirudi yashusha ndoano ya mkiani ikanasa waya mmoja katika minne. Na ili irushe vizuri, meli yote yageuka ikaenda joshi, yautafuta upepo kwa uso. Nyanya angelielewa hilo kuliko mimi. Alikuja na jahazi kutoka Mukalla, Yemen, kwa kaskazi, akiwa na sanduku moja na mtungi wa asali, na hadithi ya safari ile tumeilalia sote. Desemba tulikuwa Ghuba ya Aden. Usiku mmoja nikamwomba rafiki yangu wa kule kwenye ramani aniambie Mukalla iko wapi. Akaninyoshea mkono gizani. Hapakuonekana kitu, hata taa. Nikasimama nikamsomea Nyanya Fatiha.

Sasa nifike kwenye neno la Ami.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari nilikuwa juu kazini. Sote tulijua tunakokwenda, mabomu tuliyaona chini ya mbawa. Nikatia mafuta kama siku zote. Usiku ule Yemen ilipigwa, Sanaa, Hudaida, Saada. Mama, sitakwambia kwamba mafuta yangu hayakwenda. Yalikwenda. Mukalla haikuguswa, na Ami nilimwambia hivyo kwenye simu, lakini mwenyewe najua si jawabu. Watu wa Hudaida nao wana nyanya zao. Niliporudi kitandani sikulala, na sijamwambia mtu mpaka leo nakwambia wewe.

Lakini haki isemwe yote. Siku tatu kabla yake, tarehe 9, Mahouthi, wale wapiganaji wa Yemen, walirusha droni 18 na makombora matatu kwa wakati mmoja, kwenye njia ambayo meli za mizigo zilikuwa zikipita kwa makumi. Zilitunguliwa zote, na ndege zetu, na manowari zetu tatu, na Diamond ya Waingereza. Hakuumia hata mtu mmoja. Zile ndege zilitoka juu ya sitaha yetu na mafuta ndani niliyatia mimi na wenzangu. Mwisho wa Januari kombora moja liliifikia Gravely, manowari inayotulinda, likabakia kama maili moja. Maili moja, Mama, ni kutoka Kuze hadi karibu na feri, na kombora halitembei kwa miguu. Ule mzinga wa Phalanx, utoao risasi 4,500 kwa dakika, ndio uliolivunja. Mle ndani ya Gravely mna mamia ya vijana.

Na tarehe 6 Machi meli ya mizigo, True Confidence, haikupata wa kuilinda, kombora lao likaipiga. Mabaharia watatu walikufa, wawili Wafilipino na mmoja wa Vietnam. Hawakuwa wanajeshi. Walikuwa watu kama wale wanaoshuka Kilindini wakiuliza duka la kadi za simu liko wapi. Kwetu kuna mpishi mmoja wa Kifilipino, siku ile alipika akilia, alikuwa na kaka yake kwenye meli za mizigo na simu ilikuwa haipatikani. Alimpata siku ya pili, alhamdulillahi. Ami, naomba unijibu: hao watatu mama zao wako wapi katika hotuba yako?

Ami asema Mahouthi wanawapigania watu wa Gaza. Gaza imeniliza mimi kama ilivyowaliza nyinyi. Sikuacha kuwa Muislamu kwa kuvaa fulana. Nililia, nikaamka, nikaenda kazini, na vyote viwili nilikuwa navyo kifuani miezi tisa. Sitaki mtu anitolee kimoja.

Ramadhani tuliipata humo humo baharini. Tulikuwa kikundi kidogo, tulisali kwenye chumba ambacho mchana ni cha masomo. Mama, sijawahi kuwa karibu na Makka kama mwezi ule. Ilikuwa kaskazini yetu tu, upande ule wa maji. Lakini meli ikigeuka kuutafuta upepo kibla nacho kinageuka. Unaanza rakaa umekielekea, ukisujudu waisikia sakafu yalalia upande, waondoka kwenye sijida na hujui tena umeelekea wapi. Tukawa twamweka mmoja asimame na dira kabla ya takbira. Yule mpishi alikuwa akiniwekea sahani ya futari, akiifunika vizuri na kuandika jina langu. Wali, kuku, na tende alizozitafuta mwenyewe. Nilikula nikitamani mbaazi za nazi mpaka meno yakauma. Siku ya Idi tulifanya kazi. Nilifungua ule ujumbe wako wa sauti, ule unaosikika adhana ya Mandhry nyuma na Mwanaisha akigombana na mwenye tui, nikausikiliza mara sita nimejificha nyuma ya pampu.

Ziada ya hapo sina la kusimulia. Chakula kipo, usingizi ulikuwa mchache, tuliongezewa muda mara mbili, tukapumzika kidogo Krete. Na ndiyo, melini kuna mbwa, anaitwa Demo, ameletwa kuwaliwaza watu. Nilikuwa nikimpitia mbali. Siku moja alinijia akakaa tu karibu na mguu wangu, nikamwacha. Nilitawadha.

Jambo jingine lililoniumiza ni lile la mwanzo wa Juni. Pale Mahouthi walipotangaza wametupiga, Ami ndiye aliyelitia kwenye kundi la familia, pamoja na ile picha ya meli inayowaka ambayo hata si yetu. Hakungoja, hakuuliza. Najua ulianguka pale jikoni, Mwanaisha alinificha na Rehema akanitobolea. Siku hiyo nilikuwa mzima, naosha mipira ya mafuta, hatujaguswa hata na jiwe. Tulirudi Norfolk tarehe 14 Julai, wake za watu wamejaa gatini na mabango na watoto wachanga ambao baba zao hawajawaona. Mimi nilishuka na mkoba wangu nikapanda basi. Si neno.

Sasa la pesa. Ami huyu huyu aliyesema ni haramu, wiki mbili baada ya hitma aliniandikia faraghani anataka laki tatu za paa la nyumba ya Nyanya, eti boriti zimeliwa na mvua yaingia mpaka kwenye kitanda alichofia. Mama, sauti yake hapo ilikuwa nyingine kabisa, aniita “mwanangu”. Na Rehema aniambia kuna mtu amekuja mara mbili kuipima nyumba kwa futi. Ikiwa inatengenezwa ikaliwe, nitatoa. Ikiwa inatengenezwa ikauzwe, sitoi hata msumari, na hapo tusisingizie dini. Shangazi ana sehemu yake, Baba ana yake ambayo sasa ni yetu, na hati iko kwenye kasha lako. Usiitoe. Hata akija na wazee, usiitoe, mwambie inangoja mimi.

Kuhusu zile zilizolala kwenye simu, nimefikiri sana. Sikulazimishi. Ikiwa wewe mwenyewe, si Ami, moyo wako waniambia hazifai, nitaacha kutuma na nitatafuta kazi nyingine mkataba ukiisha, na sitakuwa na kinyongo nawe. Lakini niambie wewe, kwa mdomo wako. Uniambie ukijua ni pesa ya kijana aliyesimama juani kwa muda wa saa kumi na mbili na mpira wa mafuta, akaangalia chupa isiwe na maji ili mtoto wa mtu mwingine arudi kwao salama. Na ujue pia kuhusu usiku ule wa Januari, ndiyo maana nimekuandikia.

Mimi nia yangu ilikuwa uende Umra kabla ya Ramadhani ijayo. Nilipokuwa pale, Makka iko upande ule wa maji, hilo ndilo nililoomba. Laki mbili na kitu zipo tayari kwenye simu yako, na zilizobaki ninazo. Pasipoti yako imekwisha muda tangu mwaka jana, Mwanaisha akupeleke, msingoje foleni ya Desemba.

Nitumie ujumbe wa sauti. Usimpe mtu aandike. Kwenu ikiwa alfajiri huku ni usiku na simu nitakuwa nayo mkononi, Jumamosi na Jumapili zote mbili sina zamu.

Mwanao,
Athmani

Mwanaisha: viatu vyako nimevipata, namba 39. Na uache kuwaambia watu mimi ni rubani.