Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bangi ya Tiba, Saratani na Vipimo vya Vinasaba

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, na waliofiwa mwaka huu nawapa pole. Hesabu za chama zimo katika ripoti ya mweka hazina, sitazirudia hapa. Taarifa hii naielekeza kwenye swali linaloulizwa na familia nyingi zetu hapa Uingereza: je, kipimo cha vinasaba kinaweza kumchagulia mgonjwa mafuta ya bangi yatakayoua saratani yake? Kwa sasa hakiwezi. Kinachoweza ni kusaidia kupanga dozi na kuepusha madhara.

Matumaini hayo yametoka maabara. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Technion, Israel, walijaribu dondoo 12 za bangi (viambato vilivyokamuliwa kutoka kwenye mmea) kwenye aina 12 za seli za saratani. Dondoo zenye kiasi cha THC (kiambato cha bangi kinacholevya) kinachokaribiana zilitofautiana sana katika kuua seli zilezile. Utafiti ni mzuri, ila chombo cha maabara si mwili. Humo CBD, kiambato cha bangi kisicholevya, hutumika mara nyingi kwa mikromolari 10 hivi, yaani zaidi ya nanogramu 3,000 kwa mililita. Watu wazima wenye afya waliomeza miligramu 6,000 kwa mkupuo, bila kula, walifikia nanogramu 780 hivi kwa mililita kwenye damu, na sehemu kubwa ya hizo hushikwa na protini. Matone ya dukani hayakaribii hapo.

Kwa wagonjwa wenyewe, jaribio la kufuatilia ni ARISTOCRAT, linaloongozwa kutoka Leeds. Linahusu glioblastoma (saratani kali ya ubongo) iliyorudi, na kila mgonjwa hupewa temozolomidi, dawa ya kuua seli za saratani, pamoja na dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD, au pamoja na dawa bandia, yaani isiyo na kiambato cha tiba, ya kulinganisha. Wanaopokelewa ni wale tu ambao jeni ya MGMT katika uvimbe wao imefungwa kwa methili, alama ya kemikali inayozima jeni. Jeni hiyo hurekebisha uharibifu unaofanywa na temozolomidi, kwa hiyo ikifungwa dawa hupata nguvu. Angalieni vizuri: kipimo hicho kinatabiri kazi ya temozolomidi, si ya bangi. Jaribio dogo lililotangulia, lililochapishwa 2021, lilikuwa na wagonjwa 12 upande wa bangi na 9 upande wa dawa bandia. Waliokuwa hai baada ya mwaka walikuwa asilimia 83 kwa 44. Kwa idadi hiyo, wagonjwa wawili watatu wanatosha kubadili picha. Ndiyo maana jaribio kubwa linahitajika, na ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa saratani wa Marekani wa 2024 unakataza bangi kama tiba ya saratani yenyewe nje ya utafiti.

Sasa suala linalotugusa sisi moja kwa moja. THC huvunjwa na kimeng'enya cha ini, yaani protini inayovunja dawa, kiitwacho CYP2C9. Mtu aliyerithi badiliko la jeni yake liitwalo *3 kwa wazazi wote wawili hubaki na THC mara tatu hivi ya mwenzake asiye nalo kwa dozi ileile, na matokeo yake yanaweza kuwa kizunguzungu, kuchanganyikiwa na kuanguka. Lakini vifurushi vingi vya vipimo vimetengenezwa kwa kuangalia *2 na *3, zilizozoeleka kwa Wazungu. Kwa watu wenye asili ya Afrika yapo *5, *6, *8 na *11, nayo hupunguza kazi ya kimeng'enya. Kipimo kisichoyatafuta kitaandika "kawaida" kwa mtu asiye wa kawaida. Kabla ya kutoa sampuli, ulizeni maabara orodha ya mabadiliko inayotafuta. Aliyepandikizwa uboho wa mtu mwingine asipimwe kwa damu, maana majibu yatakuwa ya aliyemchangia. Mate nayo hubeba chembe za damu, basi mwelezeni mtaalamu mapema.

Kwa dawa ya kupuliza, kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD. Anza na mmoja jioni kwa siku mbili, kisha miwili kwa siku mbili nyingine, ukipisha dakika 15 kati ya mpulizo na mpulizo. Usizidi 12 kwa siku. Mafuta ya kumeza huchelewa saa moja hadi mbili, na kosa la kawaida ni kuongeza dozi kabla ya ile ya kwanza kufanya kazi. Chakula chenye mafuta hupandisha CBD mwilini mara nne hadi tano, hivyo meza kwa namna ileile kila siku.

CBD huweza kupandisha wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na huzuia CYP2D6, kimeng'enya kingine, kinachoiamsha tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Kuhusu nivolumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, uchunguzi wa Israel wa 2019 ulikuta uvimbe uliitikia kwa asilimia 37.5 ya wasiotumia bangi na 15.9 ya waliotumia. Haukuwa wa kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, na muda wa kuishi haukutofautiana, lakini sababu ya kumwambia daktari inatosha kabisa.

Kamati inaomba kura yenu kwa mambo mawili. La kwanza ni fomu ya ukurasa mmoja ya kubeba kliniki: dawa zote, mafuta na cheti chake cha maabara, majibu ya CYP2C9 pamoja na orodha ya mabadiliko yaliyotafutwa. Cheti si urembo: kati ya bidhaa 84 za CBD za mtandaoni zilizopimwa Marekani mwaka 2017, ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. La pili ni tangazo kwa wasafiri. Hapa daktari bingwa ameruhusiwa kuandika dawa ya bangi tangu Novemba 2018, lakini cheti cha daktari huyo hakimlindi mtu uwanja wa ndege Dar es Salaam wala Mombasa.