Kabla ya kumtembeza mgonjwa wa kiharusi, mfundisheni kukaa

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu mtu akipigwa na kiharusi, kila mgeni anayekuja kutoa pole ana swali lilelile: "Ameshaanza kutembea?" Akiambiwa bado, hapohapo anageuka daktari. Huyu anashika mkono wa kulia, yule wa kushoto, wanamnyanyua mgonjwa kitandani na kumkokota mpaka mlangoni, mguu mmoja ukiburuta sakafuni, huku wakimwambia ajikaze. Mimi si mganga, ni fundi mwashi wa Kadutu. Lakini ugonjwa huu nimeishi nao nyumbani kwangu, na nina neno moja la kusema: asiyeweza kukaa hatatembea, na kukaa kwenyewe kunafundishwa.

Mgonjwa wetu ni mama mkwe wangu, mama aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni maisha yake yote. Kiharusi kilimpiga ubongo upande wa kulia, ndiyo maana mkono na mguu vilivyolegea ni vya kushoto. Hospitali iliyompokea, ambayo siitaji, ilimshusha presha vizuri, ikampa dawa, ikasema tumzoeshe kutembea. Basi. Hakuna aliyetuonyesha hata namna ya kumweka kitako.

Sasa, mkwe wangu simshiki, mila hairuhusu. Wasomaji wa huku hawahitaji maelezo. Kazi ya kumwinua ilikuwa ya mke wangu na kaka zake, mimi nilibaki kwenye kiti changu pembeni nikitazama. Na fundi akitazama, anatazama kama kitu kimesimama wima au kimeinama. Mama aliinama. Wakimkalisha ukingoni mwa kitanda alianguka kushoto, upande wa ugonjwa, na la ajabu ni kwamba mkono wake mzima, ule wa kulia, ndio uliokuwa ukimsukuma huko. Wakijaribu kumrudisha katikati, anakaza na kuwapinga kwa nguvu ambayo hatukujua kama bado anayo. Shemeji mmoja alisema ni ukaidi. Jirani akaanza habari za mapepo.

Aliyetutoa gizani ni kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole anayepita majumbani kwa miguu kwa sababu pikipiki hazifiki kwenye vichochoro vyetu. Alituambia kwamba hali hiyo inajulikana, na kwamba mgonjwa hafanyi makusudi. Ubongo wake umepoteza kipimo cha wima cha mwili. Wataalamu wa Ujerumani walichapisha vipimo vya wagonjwa wa namna hiyo mwaka 2000: wakiwa hawaoni kitu, walijisikia wamenyooka wakati kiti kimeinamishwa kwa nyuzi karibu 18. Ndugu mafundi, pigeni hesabu. Ukuta wa mita moja uliolala nyuzi 18 umetoka nje kwa zaidi ya sentimita 30, na hakuna mwenye nyumba atakayekulipa kwa ukuta huo. Ndiyo maana ukimvuta mgonjwa kumweka sawa, yeye anasikia unamwangusha, naye anajitetea.

Lakini wagonjwa wale, walipofumbua macho na kutazama vitu, walitambua vizuri kilichosimama na kilichoinama. Macho yalikuwa yamesalimika. Kine akasema tumtafutie mama kitu kilichonyooka cha kutazama, fremu ya mlango au kona ya ukuta. Nilienda kwenye mfuko wa kazi nikatoa timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima, nikaining'iniza kwenye boriti mbele yake. Kwa kazi hiyo sikuhitaji kumgusa mtu. Anatazama kamba, kisha anaulizwa: "Mama, wewe na kamba, nani ameinama?" Siku za kwanza alijibu ni kamba. Tulicheka, naye akacheka. Baadaye akaanza kujirekebisha mwenyewe, na huko ndiko kujifunza, kwa sababu anayesukumwa na wengine mwili wake haujifunzi kitu.

Kiti cha plastiki hakifai kwa zoezi hili. Kinabonyea, kinamlaza nyuma, na mgonjwa anamwagika ndani yake. Nilipiga msumari benchi gumu la mbao, kimo chake kiwe cha goti lake, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Mke wangu alimwekea ungo wa maharagwe upande wa kulia, mbali kidogo, ili kila punje mbaya anayoitoa imlazimishe kuhamishia uzito upande aliokuwa akiukimbia. Alipozoea, ungo ukasogezwa mbele, halafu kushoto, mwisho ukawekwa chini kwenye kigoda. Mtu asiyejua angedhani mama anachambua maharagwe tu. Kumbe mgongo, tumbo na kiuno vilikuwa kazini muda wote, na hivyo ndivyo vinavyobeba mtu kabla ya miguu. Kine alisema pia kwamba wengi wenye tabia ile ya kujisukuma huachana nayo ndani ya miezi 6, wakifanyishwa mazoezi.

Kwa wanaosema kukaa ni kupoteza muda: mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba mgonjwa ambaye ndani ya siku 3 za kwanza anaweza kukaa sekunde 30 bila kuegemea, na mguu mgonjwa ukawa na nguvu kidogo, ana nafasi ya asilimia 98 ya kutembea mwenyewe baada ya miezi 6. Kipimo hicho kinataka ukingo wa kitanda na saa ya mkononi. Wala kuharakisha si dawa. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2015, wa wagonjwa zaidi ya 2,000 katika nchi 5, uliona kwamba kuwatoa kitandani mapema mno, ndani ya saa 24 tangu kiharusi, na kuwafanyisha mazoezi mengi, kulipunguza idadi ya waliopona vizuri.

Na ule mkono, jamani, msiuvute! Misuli ya bega imelegea, kiungo kinaning'inia, na mvuto mmoja wa mgeni mwenye huruma unaweza kumletea mgonjwa maumivu ya miezi mingi. Mfungeni kikwembe, yaani kitenge, kiunoni, mshike hapo. Akitaka kusimama, arudishe nyayo nyuma ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo anyanyuke.

Mama sasa anasimama. Kine humpima kwa kipimo kinachoitwa Berg, kilichotungwa Kanada, chenye majaribio 14 na alama 56: kukaa bila kuegemea, kusimama macho yamefumbwa, kuokota kiatu chini, kugeuka mzunguko mzima, kunyoosha mkono mbele mpaka sentimita 25 bila kuyumba. Hiyo ya mwisho tunaipima kwa mita yangu ya kazi. Vifaa vyote ni kiti, kigoda, mita na saa. Kwa hiyo sikubali tunapoambiwa kwamba mazoezi ya usawa wa mwili yanangoja mashine kutoka Ulaya. Wauguzi wachukue muda kidogo, siku ya kumruhusu mgonjwa, wawaonyeshe watu wa nyumbani namna ya kukalisha, kushika na kusimamisha. Sisi wenyewe tutaendelea.

Limebaki moja, na hili nawaambia mafundi wenzangu. Mji wetu ni milima. Mgonjwa wa Kadutu au wa Bagira akishaweza kutembea sebuleni, anakutana na ngazi za kichochoroni tulizojenga sisi: hii sentimita 15, inayofuata 22, ya tatu imelikwa na maji ya mvua. Mtu mwenye afya hurekebisha mwendo bila kuwaza. Aliyepooza upande mmoja hana uwezo huo, na ngazi moja iliyozidi inatosha kumvunja nyonga. Kine amemfundisha mama kwamba kupanda mguu mzima unatangulia, kushuka unatangulia ule mgonjwa, lakini sheria hiyo inataka ngazi zilizolingana.

Halafu bomba la kushikilia. Tukiliweka, tunaliweka upande mmoja, tena ule wa korongo ili watoto wasianguke. Mama ana mkono mmoja tu wa kushika, wa kulia. Akipanda bomba liko kuliani kwake, akishuka liko kushoto, na hapo ni kama halipo. Kwenye ngazi za kwetu nimeongeza la pili, upande wa ukuta, kimo cha sentimita 90, limetokezwa kidogo kutoka ukutani ili vidole vizunguke. Bomba la maji lililokwishatumika linatosha, na saruji ya kulishikiza haijazi hata karai moja. Mwenye ngazi za namna hiyo mbele ya nyumba ya mgonjwa anaweza kuniuliza kwa mafundi wa soko la Kadutu. Kwa kazi hiyo nadai vifaa tu.

Fundi mwashi,
Kadutu, Bukavu