Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka uliopita. Shughuli za kawaida mnazifahamu: matembezi manne ya ufukweni, mawili Lilstock na mawili Blue Anchor, fukwe za Somerset, Uingereza, jioni moja ya kusafisha visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe), na mhadhara mmoja, ambao ilinibidi niutoe mwenyewe baada ya mgeni wetu kutoa udhuru. Hakuna aliyeumia wala aliyezingirwa na maji, jambo ambalo si dogo kwenye mlango wa Mto Severn, ambako tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 14.

Naomba sasa niingie katika suala lililosemwa sana pembeni na kidogo mno kikaoni, yaani vile vipande vitatu vya mfupa vya kabati la chama, ambavyo mimi na Katibu tulivikabidhi kwa makumbusho. Nimeambiwa kwamba nimegawa mali ya chama bure, na mwanachama mmoja amedai kwamba alikuwa amekwisha kupata mnunuzi. Huyo mnunuzi sikuwahi kumwona.

Wanaolaumu wakumbuke habari ya mnyama wa kale aitwaye Ichthyotitan severnensis, kwa kuwa imetokea kwenye fukwe hizi hizi tunazozikanyaga. Mwaka 2016 Paul de la Salle aliokota Lilstock mfupa wa taya la chini la ikthiosauri (mtambaazi wa kale wa baharini) mkubwa kupita kawaida. Wataalamu waliueleza mwaka 2018, lakini hawakuthubutu kumpa mnyama jina kwa mfupa mmoja. Mwaka 2020 binti wa miaka 11 na baba yake waliokota Blue Anchor vipande vya mfupa wa aina hiyo hiyo, vikaendelea kukusanywa hadi 2022 na kuunganishwa kimoja baada ya kingine hadi ukapatikana mfupa wenye urefu wa zaidi ya mita 2. Hapo ndipo, Aprili 2024, jina lilipotangazwa: mtambaazi wa baharini wa miaka milioni 202 iliyopita, anayekadiriwa kufikia mita 25, na chembechembe za mfupa wake zilionyesha kwamba alikuwa bado anakua. Mfupa wa kwanza ulisubiri wa pili. Ungekuwa umefungiwa ndani ya kabati ambalo ufunguo wake anao Katibu, nani angeulinganisha?

Tena si huo tu. Mifupa minene ya Aust, kwenye majabali ya kando ya Severn, inayojulikana tangu 1850, ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ya miguu ya dinosauri, na taya la Lilstock ndilo lililofanya itazamwe upya na kuonekana kuwa yaelekea ni ya ikthiosauri wakubwa. Ilitazamwa kwa sababu ilikuwa mahali ambapo mtaalamu aweza kuifikia.

Sijadai popote kwamba vipande vyetu ni vya Ichthyotitan. Ninachosema ni kwamba vilitoka katika tope jeusi la kale lililogeuka mwamba, liitwalo Westbury, tabaka lile lile linalotupatia meno na magamba ya samaki kwa wingi, na kwamba mimi ndiye niliyeona, kwa kioo cha kukuzia, nyuzi za mfupa zinazopishana kwenye ukingo wa kipande kikubwa, jambo la kutazamwa na mtaalamu, huku wengine wakikitumia miaka yote hiyo kuzuia mlango wa kabati usijifunge. Kuhusu ukingo uliomeguka safarini, nilikifunga kipande hicho kwa mikono yangu, na ufa ulikuwepo tangu zamani.

Imesemwa pia kwamba wanachama hawakushirikishwa. Mkutano Mkuu uliitishwa mara mbili kwa ajili ya jambo hili. Akidi yetu ni watu 20; mara ya kwanza walikuja 9 na mara ya pili 11, wawili kati yao wakiwa wamekuja kurudisha nyundo. Kamati yenye wajumbe 7 ilikutana ikiwa na wajumbe 4, watatu wakaafiki na mmoja akanyamaza. Nisingeweza kuwashauri watu ambao hawakuwepo.

Mahudhurio yanaendana na ada. Kati ya wanachama 64, waliolipa ni 23. Ada ambazo hazijalipwa ni pauni 615, ukumbi umegharimu pauni 180, na benki zimebaki pauni 94. Petroli ya kupeleka mifupa niliilipa mimi na sijaidai.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuongeza matembezi, hasa baada ya dhoruba, wakati ambapo majabali huporomoka na kumwaga vipande vipya ufukweni. Nakumbusha kwamba tunaokota vilivyoanguka tu. Kuchimba jabali lenyewe bila kibali ni marufuku. Makumbusho bado hayajajibu kuhusu vipande vyetu, na jibu likija litasomwa kikaoni, kwa watakaokuwepo.

Mwenyekiti